Sura ya Saba: Nukta Isianguke

Hadija ni jina gumu. Masikioni ni laini, na kwenye kadi ya harusi linapendeza, lakini fundi wa leza akipokea oda ya cheni yenye jina hilo, jambo la kwanza analoliona ni nukta mbili zilizopangana, ya i na ya j, zinazoelea juu ya herufi bila kushikwa na chochote. Kwenye karatasi nukta inakaa popote ulipoiweka, kwa kuwa karatasi imeibeba. Cheni haina karatasi. Herufi zenyewe ndizo kitu kinachovaliwa, na kile kisichogusana na mwenzake kinabaki kwenye kitanda cha mashine pamoja na vumbi.

Fundi mvivu hukata jina bila nukta na kumkabidhi mteja kitu ambacho mtu akikisoma harakaharaka hakielewi. Fundi mwenye jicho hurudi kwenye kompyuta. Anaona kwamba kabla ya i kuna d, na d ina mgongo mrefu. Anaisogeza nukta ya i mpaka iuegemee mgongo ule, kisha anaiunganisha nukta ya j na ya i kwa kidaraja chenye upana wa milimita moja na nusu hivi. Akimaliza hapo anauangalia mkia wa j, kwa sababu mkia uliochongoka na kujikunja utanasa kwenye mtandio kila Hadija atakapogeuza shingo. Anaufupisha na kuuviringa ncha. Yote hayo yamefanyika kabla mashine haijawashwa.

Wauzaji wa mapambo ya leza mtandaoni hupenda kuandika kwamba bidhaa zao zimetengenezwa kwa mkono, na wapo wanaowacheka: mkono uko wapi, ikiwa kazi imefanywa na mwali wa mwanga unaoongozwa na kompyuta? Mimi nasema mkono upo, ila wengi wanautafuta mahali pasipo pake. Uko kwenye viungo, pale fundi anapoamua herufi gani imshike nani na wapi. Anayechukua fonti ya bure, akaandika jina na kubonyeza kitufe cha kukata, amechapa tu. Aliyehangaika na nukta ya Hadija ametengeneza pambo.

Ukizitafuta kazi hizi Dar es Salaam, usianzie kwa masonara. Pita nyuma ya maduka ya mabango, upande wa Sinza kule Ubungo, Mwenge na Kijitonyama kule Kinondoni, au Tandika na Mbagala kule Temeke. Mwenye mashine hakuinunua kwa ajili ya hereni. Anaishi kwa vibao vya milango ya ofisi, tuzo za mfanyakazi bora, namba za meza za ukumbini, na majina ya bwana na bibi harusi yanayochomekwa juu ya keki. Akriliki, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa jina la pespeksi, huja kwa shiti kubwa la futi nne kwa nane. Kibao cha wakili kikishakatwa, pembeni kunabaki vipande visivyotosha kibao kingine. Hereni zinazaliwa humo. Ndiyo maana ukimfuatilia binti anayebuni mapambo haya utaona rangi zake zikienda kwa vipindi: wiki hii nyeusi na ya dhahabu ya kioo, kwa sababu kulikuwa na oda ya tuzo, wiki ijayo nyekundu tupu. Mteja anadhani ni ubunifu wa msimu. Kumbe ni mabaki ya bango la duka la simu.

Mara nyingi mbunifu na mwenye mashine ni watu wawili. Mbunifu ana kompyuta mpakato na programu ya kuchora, anatuma faili kwa WhatsApp au analeta kwenye flashi, kisha anakaa kwenye benchi kusubiri foleni ya watu wa mabango ipungue. Umeme ukikatika katikati ya kazi, shiti likiguswa tu limepoteza mahali pake, na kipande kilichokatwa nusu ni hasara. Nani anaibeba hasara hiyo, wanajadiliana palepale, na mjadala huo ni mrefu kuliko ukataji wenyewe.

Mashine ni rahisi kuielewa kuliko inavyotisha. Mwanga wa leza ulipatikana kwa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, pale Theodore Maiman wa Marekani alipoupata kutoka kwenye fimbo ya yakuti. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, mhandisi Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye mashine nyingi za kukatia akriliki na mbao hadi leo: bomba refu la kioo lenye gesi, vioo vitatu vinavyoupinda mwali, na lenzi inayouminya mpaka uwe mwembamba kama unywele. Mwanga wake hauonekani kwa macho, urefu wa wimbi lake ni maikromita 10.6. Akriliki safi, ambayo inapitisha mwanga wa jua kama maji ya kisima, haiupitishi huu hata kidogo; inaunywa wote, inapata moto na kugeuka mvuke. Ukingo unaobaki unang'aa kama uliosuguliwa. Shaba nyeupe na dhahabu zinaurudisha mwanga huohuo kama kioo, ndiyo sababu fundi wa mabango hawezi kukukatia cheni ya dhahabu kwa mashine hiyo, na sonara wa Kariakoo bado anatumia msumeno wake mwembamba bila wasiwasi wa kunyang'anywa kazi.

Bomba hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu. Dar es Salaam, mwezi wa pili, maji ya ndoo yanapata joto mapema sana, na bomba likipata joto nguvu ya mwali inashuka: asubuhi mstari ulikata mpaka chini, mchana ukiwa na mpangilio uleule unaishia njiani. Nimewaona mafundi wakitumbukiza chupa za maji ya barafu kwenye ndoo. Inasaidia, lakini ukizidisha, unyevu wa hewa ya pwani hugeuka matone juu ya bomba, na maji na umeme mkubwa havikai nyumba moja. Wenye uwezo wana kipoza maji maalumu. Wengine hupanga kazi nyembamba nyembamba, zikiwemo hereni, zikatwe alfajiri au usiku.

Kuna jambo moja ambalo sitalipita haraka, kwa sababu linahusu mapafu ya watu. Kwenye duka la mabango, pembeni ya akriliki, mara nyingi kunakuwa na shiti jeupe jepesi lenye povu ndani, na mengi ya mashiti hayo ni PVC. Kwa macho, mtu mgeni anaweza kuyachanganya. PVC ina klorini. Ukiipiga leza inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa tindikali. Inachoma koo, na inakula vyuma na vioo vya mashine. Mtu akikuletea kipande cha plastiki asichokijua, kipo kipimo cha zamani cha maabara kinachoweza kufanywa uani, mahali penye hewa: pasha waya wa shaba nyekundu mpaka uwe mwekundu, uguse kwenye plastiki ili uchukue chembe, kisha urudishe kwenye moto. Ukiona ndimi za kijani, shiti hilo likae mbali na leza. Inachukua muda mfupi kuliko kubishana.

Turudi kwenye herufi, maana ndizo zinazotoa jasho.

Herufi za Kirumi tunazoandikia Kiswahili leo ziliingia kwenye uchapaji zikiwa zimetengana kwa makusudi. Nguvu ya uvumbuzi wa Gutenberg, katikati ya karne ya 15, ilikuwa ni kumimina kila herufi peke yake kwa risasi, ili a iliyotumika leo katika neno hili itumike kesho katika neno lile. Uchapaji ulipofika Unguja na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ambako Edward Steere aliyefika mwaka 1864 alikuwa akichapisha Kiswahili, kanuni ilikuwa ileile: kila herufi na kijumba chake, na kati yao nafasi. Fonti za kompyuta zimeurithi utaratibu huo. Cheni ya jina inataka kinyume chake kabisa. Inataka neno lishikane kutoka mwanzo hadi mwisho, lining'inie pande mbili, livutwe na mtoto mchanga lisikatike.

Njia iliyozoeleka ya kukwepa tatizo ni kuandika kwa mwandiko wa kuunganisha. Cheni za majina zilizovuma miaka ya 1980 miongoni mwa wasichana Weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini katika miji ya Marekani zilikuwa na mwandiko huo, na kampuni ya Tatty Devine ya London, iliyoanzishwa mwaka 1999, imejijengea jina kwa kuyakata majina kwa leza kwenye akriliki. Hapa kwetu mashine nyingi zimejaa fonti zilezile mbili tatu za bure. Lobster, aliyoichora Pablo Impallari wa Argentina, na Pacifico, ya Vernon Adams, ukizijua huwezi kuacha kuziona: ziko kwenye keki, kwenye vioo vya saluni, kwenye kofia. Ni fonti nzuri. Ila hazikuchorwa kwa ajili ya kukatwa vipande vya milimita 3, na herufi zinazoonekana zimegusana kwenye skrini huwa zimepandana tu. Usipoziyeyusha ziwe umbo moja kwenye programu, leza itafuata mpaka wa kila herufi na kukata palepale zinapoungana. Jina linatoka kwenye mashine likiwa limesambaratika kama tasbihi iliyokatika uzi.

Majina yetu yana tabia zake. Kiswahili kinapenda irabu, kwa hiyo a, e na o zimejaa, na kila moja ina tundu lake. Neema ana e mbili mfululizo. Kwenye cheni ndogo, jicho la e linakuwa mwanya wa milimita moja, mwali unapita pande zote mbili, joto linakutana katikati na ukuta mwembamba unapinda. Dawa yake ni kulipanua jicho kuliko macho yanavyopenda, au kuliziba kabisa. Fatuma ana bahati: mkono wa f na wa t unaweza kuvutwa mpaka ushike jirani. Rehema anasimama vizuri. Mwajuma ni mrefu na mzito, na anahitaji vitundu vya cheni viwekwe juu ya mstari wa katikati ya uzito, la sivyo jina linageuka na kulala kichwa chini kifuani.

Na ukitaka jina litobolewe ndani ya kipande, kama kwenye hereni ya duara, mambo yanapinduka. Sasa ni matumbo ya herufi yanayodondoka: kata a yote, na kile kisiwa cha katikati kinaondoka nayo. Wachora stensili wa kwenye magunia na matanki ya maji walishalijua hili siku nyingi. Wao huacha vidaraja. Mbunifu mwenye aibu huvificha. Mwenye kujiamini huvifanya viwe sehemu ya umbo, vyote vikiwa vimeinama upande mmoja na kwa unene mmoja, hadi unadhani herufi ilizaliwa hivyo.

Kwa upande wangu, kazi zinazonivutia zaidi si za mwandiko wa kuunganisha. Ni zile zilizokopa kwenye kanga. Mwanzoni majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Mombasa wanamsimulia Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887 na ambaye kanga zake hujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, kuwa ndiye aliyeanza kuweka misemo. Jina la kanga likakaa kwa namna tunayoijua: herufi kubwa tupu, zimesimama wima, hakuna mkia unaoshuka, mara nyingi zimefungwa ndani ya kisanduku juu ya pindo la chini. Wanaofunga kanga kila siku wanaisoma sura hiyo hata kabla ya maneno.

Herufi kubwa hazishikani, kwa hiyo mtu angedhani hazifai kwa cheni. Lakini kisanduku kile kinafaa. Nyoosha herufi kidogo ziguse ukingo wa juu na wa chini, na kisanduku kinakuwa fremu inayozibeba zote. I, L na T zinasimama kama nguzo. Huhitaji kidaraja kati ya herufi na herufi, na nafasi baina yao inabaki wazi, nguo ikionekana kwa nyuma. Herufi kubwa hazina nukta pia. Kwenye hereni ndefu, jina la kanga hukaa vizuri kuliko mwandiko wowote wa kuviringa, na msomaji wa Dar hahitaji kuelezwa limetoka wapi.

Fremu hiyohiyo ndiyo iliyomwokoa kijana mmoja aliyetaka mtaa wake kifuani. Majina ya mitaa yana soko, hasa kwa vijana. Yanaandikwa kama yalivyo usoni mwa daladala, herufi nene zisizo na mapambo. Huyu alitoka Temeke na alitaka CHANG'OMBE. Fundi alikuwa ameshapanga herufi tisa, akawa anaitazama ile alama ya ritifaa iliyobaki hewani kati ya G na O.

"Fundi, hiyo si uitoe tu? Watu watasoma."

"Nikiitoa inakuwa Changombe, kaka. Sasa wewe unakaa Chang'ombe au unakaa wapi?"

Kijana akacheka. Fundi akaishusha ritifaa kutoka kwenye ukingo wa juu wa fremu, kama jino, ikakaa mahali pake bila kugusa herufi. Kabla ya hapo ilibidi aifute na kuiandika upya, maana kompyuta ilikuwa imeweka alama ya kufungulia maneno, iliyogeukia upande wa pili. Ni kosa dogo ambalo liko kwenye mabango mengi ya mji huu, na ukishalijua litakukera maisha.

Baada ya kukata, kazi ya vidole inaanza, na hii haionekani kwenye picha za mtandaoni. Shiti la akriliki huja limefunikwa karatasi ya gundi pande zote mbili, na ni vizuri kuiacha wakati wa kukata ili moshi usitie madoa. Kisha lazima ibanduliwe. Jina la herufi sita lenye matumbo matatu lina vipande vya karatasi mbele na nyuma, na kila kona yenye ncha inakishikilia cha kwake. Ukucha ndiyo zana. Mashine imekata jina kwa dakika moja au mbili. Kulibandua, kulipangusa, kupitisha viduara vya waya kwa plaizi mbili na kufunga ndoano za hereni kunachukua muda mrefu zaidi ya huo mara kadhaa. Wanaofanya kazi hii wakiwa wamekaa mkekani na dada zao jioni wanajua bei ya kweli ya hereni iko wapi.

Na wasipanguse kwa spiriti. Joto la leza linaacha mkazo ndani ya ukingo, na spiriti ikiugusa, nyufa ndogondogo kama utando wa buibui hutokea, wakati mwingine palepale, wakati mwingine mteja akishafika nyumbani. Manukato yanaweza kufanya vilevile. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha. Nadhani kila cheni ingeuzwa na kikaratasi kinachosema hivyo, lakini wauzaji wanaogopa kikaratasi cha maonyo kitapunguza utamu wa pambo.

Wengine wamehamia kwenye mbao, wakitumia mabaki ya mninga kutoka kwa mafundi samani wa Keko. Mninga mwembamba unakatika vizuri na ukingo wake mweusi uliochomwa unaupa jina mstari wa wino bila wino. Mpingo ni mzito mno. Unazama majini, na leza inauunguza juujuu zaidi ya kuukata. Lakini mbao ina mwelekeo wa nyuzi: kidaraja kikikaa kinyume na nyuzi kinavunjika kwa kupapaswa tu, kwa hiyo nukta ya Hadija iliyofaa kwenye akriliki inabidi ichorwe tena, pana zaidi.

Imebaki oda moja inayowatoa jasho hata mafundi wazuri, nayo huja sana karibu na Idi: jina kwa herufi za Kiarabu. Mtu angefikiri hapa mambo ni mepesi, kwa kuwa Kiarabu huandikwa kwa kuunganisha. Jaribu Zainabu. Herufi ya kwanza, zai, haishikani na inayoifuata, kwa hiyo neno limeshakatika mara moja. Kisha kuna nukta tano: moja juu ya zai, mbili chini ya ya, moja juu ya nuni, moja chini ya be. Nukta ya Kirumi unaweza kuisogeza kulia au kushoto na jina likabaki lilelile. Hizi hazichezewi. Nukta ikishikiliwa upande usio wake, nuni inakuwa be, na dada wa watu anavaa jina lisilo lake. Wenye hati ya rika'a walishazoea kuandika nukta mbili kama kimstari kimoja, na kimstari hicho ni rahisi kukishika kuliko nukta mbili. Mbunifu anayelijua hilo amepunguza tatizo moja kati ya matano. Mchoro ukimalizika, mwenye busara humpelekea ustadhi wa madrasa ausome kwanza bila kuambiwa ni jina gani. Akisoma Zainabu, unakatwa.

Nukta zilizobaki zinawekewa bamba la akriliki safi kwa nyuma, lililokatwa kufuata umbo la jina, na kila nukta inagundishwa juu yake kwa tone la klorofomu, ambalo huyeyusha kidogo nyuso mbili mpaka ziwe moja. Mlango unaachwa wazi, kwa ajili ya harufu. Mashiti ni mawili sasa, kukata ni mara mbili, na kubandua karatasi ni mara mbili, kwa hiyo bei inapanda karibu kiasi hichohicho. Wateja wengine wakiisikia hurudi kwenye herufi za Kirumi. Wanaobaki huombwa walipe nusu kabla ya mchoro kuanza.